Meza ya Mashauri

Wanjira alikuja kupima madirisha wakati Madeleine bado yuko jikoni. Hakubisha hodi, maana nyumba ilikuwa yake na ufunguo wa pili ulikuwa mkobani mwake. Alivua viatu mlangoni kama adabu ya nchi inavyotaka, akasema, "Msisumbuke, endeleeni tu," kisha akapanda juu ya kiti na kuanza kunyoosha tepu kwenye fremu ya dirisha. Sombe la majani ya muhogo lilikuwa linatokota. Madeleine alisimama na mwiko, hajui kama amkaribishe chakula au amshikie kiti asije akaanguka. Mwishowe alishika kiti.

"Mama Heshima, hebu niambie, pazia za kijivu ama hizi za maua?"

"Za kijivu. Maua inachosha macho."

"Hata mimi niliona hivyo." Wanjira aliandika vipimo kwenye simu. "Na mwisho wa mwezi, si bado ni mwisho wa mwezi?"

"Bado."

"Sitaki muone kama nawafukuza. Ni vile mamake bwanangu Solomon visa imetoka, na kule Flemingsberg tuko kwa chumba kimoja. Mama wa watu siwezi kumlaza kwa sofa."

"Hapana, ni haki yenu."

Na kweli ilikuwa haki yao, ndiyo maana iliuma. Mtu akikudhulumu unaweza kumsema kwa majirani ukapumua. Wanjira hakuwa amemdhulumu mtu. Aliwapangisha kwa bei ya huruma, akawaongezea muda mara mbili walipomwomba, na kila Krismasi alimletea Heshima zawadi. Sasa alikuwa juu ya kiti akipimia pazia zake, na aliyemshikia kiti ndiye atakayehama. Madeleine alitazama nyayo za soksi za yule mwanamke na kujisikia mdogo, kisha akajikasirikia kwa kujisikia mdogo.

Wanjira alipofika dirisha la sebuleni aliinama, akachungulia chini kwenye maegesho.

"Na ile basi yenu? Itapita kweli?"

"Tarehe ya ukaguzi tumepata. Onésime anasema kila kitu iko tayari."

"Mungu awasaidie," alisema Wanjira, na alimaanisha hivyo. Lakini aliliangalia lile basi kama mtu anavyomwangalia mchumba wa rafiki yake ambaye hakumpenda tangu mwanzo.

Katika mji huu wa Uswidi nyumba husubiriwa kwa foleni, na foleni yenyewe ni ya miaka. Kuna watu waliojiandikisha wakiwa na meno yote, na walipoitwa kuonyeshwa chumba walikwenda na mkongojo. Madeleine na mumewe Onésime walikuwa kwenye foleni hiyo, na wakati wakisubiri walikuwa wameshahama Jakobsberg, wakahamia chumba cha mtu mwingine, wakaja hapa Sundbyberg. Onésime alichoka. Alikuwa dereva wa basi la abiria mpaka kisukari kilipomharibia macho, leseni ya mabasi ikachukuliwa, akabakishiwa ile ya magari madogo. Siku hizi alikuwa anaosha mabasi aliyokuwa akiyaendesha. Hapo ndipo alipoliona basi dogo lililokuwa likibeba wazee kwenda kituo chao cha mchana, linauzwa kwa bei ya kutupa. Akasema: sisi tumefukuzwa kwenye nyumba za watu vya kutosha, safari hii tutahama na nyumba yenyewe.

Heshima, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na aibu ya watu mia, alijibu kwa Kiswidi kwamba hawezi kulala kwenye basi, na rafiki zake wasijue kamwe. Mama yake alimwambia rafiki wa kweli hakuulizi una matairi mangapi. Mtoto hakucheka.

*

Usiku na mchana Onésime hakuwa na wimbo mwingine ila kodi ya lile basi. Aliielezea mezani, kanisani, hata kwa daktari wa macho. Jioni ile, sombe likiwa sahanini, alimwelezea Heshima tena, ingawa mtoto alikuwa na vipokea sauti masikioni.

"Serikali ya hapa haiulizi ulinunua kwa makuta ngapi. Inauliza maneno ine. Hii ni gari gani? Ina kilo ngapi? Inakunywa nini? Ina miaka ngapi? Lakini ile swali ya kwanza ndiyo mama ya zingine yote. Wakisema ni basi, tunaingia ndani ya hesabu ya basi: kodi ya basi, bima ya basi, na dereva mwenye leseni ya basi. Mimi siwezi hata kulisogeza. Wakisema ni gari-nyumba, hesabu inageuka yote. Inakuwa ile tunaweza kulipa, na mimi naendesha na leseni yangu hii hii."

"Na wanajuaje kama ni nyumba?" Madeleine aliuliza, ingawa alijua. Alipenda kumsikia akijibu, maana ndipo uso wake uliporudi kuwa wa dereva.

"Vitu ine. Kitanda. Jiko. Kabati. Viti na meza. Na vyote vifungwe kwa gari, visitikisike. Meza peke yake ndiyo wanakubali ing'oke, ju mtu apate fasi ya kupita. Lakini iwepo, na ikae kwenye mguu wake."

Vyote vinne vilikuwa kazi ya Mashauri. Mashauri alikuwa fundi wa vyuma kutoka Uvira, mzee wa kanisa, mtu mwenye mikono kama koleo na sauti ya kuimbia besi. Msimu mzima wa baridi aliacha mapumziko yake akaja kuchomelea kitanda, akafunga jiko la gesi na makabati. Meza aliitengeneza mwisho, ndogo, ya mbao nyeupe, na mguu mmoja wa chuma unaozamishwa kwenye tundu la sakafuni na kubanwa kwa skrubu. Hakutaka kulipwa. Alisema siku basi likipita ukaguzi watampeleka kaskazini akaone jua lisilotua, yeye na mkewe Christelle, na atalala kwenye kitanda chake mwenyewe.

Wiki moja baada ya kufunga meza, Mashauri alianguka kwenye jukwaa la treni la Jakobsberg akienda kazini. Walipofika na gari la wagonjwa alikuwa ameshaondoka.

*

Kwetu mtu akifa, kilio kinaanza saa ile ile. Wanawake wanakaa chini ndani, kitanda cha marehemu kinaondolewa kwa sababu hakuna anayelala juu wakati mwenzao kalazwa mahali pengine, na wanaume wanakaa nje kwenye moto mpaka siku ya kuzika. Ni siku mbili tatu, watu wanavumilia. Lakini huku Uswidi mtu hufariki leo, na tarehe ya kuzikwa hutolewa kama ya daktari wa meno. Mashauri alipangiwa wiki ya nne. Wiki nne za kilio ndani ya nyumba ya Christelle kule Jakobsberg, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na nje theluji imeganda mpaka inalia chini ya kiatu.

Siku ya pili mtu alibandika karatasi kwenye lifti. Iliandikwa kwa adabu sana, na ndiyo iliyouma zaidi: wakazi wanaombwa kukumbuka kwamba ngazi si mahali pa kukaa. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye ngazi walisimama mmoja mmoja, wakavaa makoti. Mzee Laurence, kaka yake marehemu, alisema watasimama nje. Alisimama nje. Baada ya nusu saa alirudi masikio yake yamekuwa ya kijivu.

Mdomo wa Madeleine ulitangulia kabla ya akili yake kufika. "Tuko na basi," alisema.

Christelle, aliyekuwa kwenye mkeka wa mjane bila kusema neno tangu asubuhi, aliinua macho. "Ile yenye aliitengeneza?"

"Ile ile, yaya," Madeleine alimjibu, kama anavyoitwa dada mkubwa kwao. "Banaume balale mule. Kuko joto."

Solomon, mume wa Wanjira, ndiye aliyekwenda kulileta kutoka Sundbyberg, kwa kuwa leseni yake ya basi ilikuwa hai. Liliegeshwa chini ya jengo. Wanaume waliingia, wakaona kitanda kimejaza nusu ya gari, wakatazamana. Kilio na kitanda haviishi pamoja. Walikifungua kwa heshima, nati moja moja, wakazitia kwenye kopo la kahawa na kukisimamisha kitanda nyuma ya jengo chini ya turubai. Kisha mtu akatoka na meza, kwa sababu huko juu meza ya Christelle ilikuwa imejaa masufuria ya watu na picha ya marehemu haikuwa na pa kukaa. Meza ilitoka kwa skrubu moja tu. Ikapandishwa juu, ikatandikwa kitambaa cheupe, na juu yake wakaweka picha ya Mashauri akiwa na suti ya kanisani, mshumaa, na glasi ya maji.

Onésime alitoka kazini akalikuta basi lake limekuwa ukumbi wa wanaume.

"Mama Heshima. Uliwapatia funguo?"

"Niliwapatia."

"Ju ya nini?"

"Ju ya baridi. Ulitaka balale inje?"

Onésime angesema nini? Kwamba kitanda alichochomelea marehemu kisifunguliwe kwa ajili ya marehemu? Aliingia, akakaa chini kati ya wenzake, na akalia kwa sauti, kwa rafiki yake na kwa kitanda pamoja. Nani angetenganisha?

*

Tarehe ya ukaguzi haikujua kwamba kuna msiba. Ilikuja Alhamisi, mazishi yakiwa bado wiki nzima mbele. Onésime alipiga simu kuomba isogezwe, akaambiwa kwa sauti nzuri kwamba nafasi iliyo karibu ni mwezi wa tano. Mwezi wa tano pazia za kijivu zingekuwa zimeshapata vumbi. Na kila mwezi unaopita basi lilikuwa linakatiwa kodi kama basi, wakati wao wanalitumia kulia.

Kwa hiyo Jumatano Madeleine ndiye aliyekwenda kuwatoa wanaume, kwa sababu yeye ndiye aliyewaingiza. Alisimama kwenye mlango wa basi na kitenge mabegani. Ndani kulikuwa na harufu ya soksi na kahawa. Alieleza. Alieleza vibaya, akirudia maneno, akataja kodi, akataja vitu vinne, na kila alichotaja kilisikika kidogo na kichafu mbele ya watu waliokaa chini.

Mzee Laurence alimsikiliza mpaka mwisho. "Donc, marehemu anangojea ju ya taxe?"

"Hapana, papa. Ni siku moja tu. Kesho jioni tunalirudisha."

"Na kitanda? Mutakisimamisha ndani ya kilio?"

Laurence alikunja blanketi lake polepole, likawa dogo, akalikunja tena. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyemtukana Madeleine, na yeye angefurahi wangemtukana. Walipita mbele yake mmoja mmoja wakimpa mkono kama watu wanaoaga, wakapanda ngazi zile zile ambazo hawakutakiwa kuzikalia.

Onésime alifunga kitanda peke yake mpaka vidole vikafa ganzi. Nati mbili zilipotea kwenye theluji, akaenda kununua nyingine. Alitikisa kitanda, akatikisa kabati, akawasha jiko na kulizima. Alifanya haraka, kichwa chake kikiwa juu ghorofani ambako watu walikuwa wakimsema, au alidhani wanamsema. Aliyekuwa akimkumbusha vitu siku zote alikuwa Mashauri.

*

Mkaguzi wa magari, kituoni pale Sundbyberg, aliitwa Jasmin. Alikuwa msichana mwenye suruali ya kazi na nywele zilizofungwa kwa kalamu, na alimsalimu Onésime kwa jina. Solomon alilipandisha basi kwenye mizani. Jasmin akasoma uzito, akaandika. Akasoma mwaka, akaandika mafuta. Onésime alimfuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni, akimnong'oneza Madeleine: "Unaona? Yale maneno ine. Sasa iko anakuja kwa ile mama yao."

Jasmin aliingia ndani. Alishika kitanda kwa mikono miwili akakivuta kama mtu anayemwamsha mlevi. Hakikusogea. Alifungua makabati, akayatikisa. Akawasha jiko. Akakaa kwenye kiti kimoja, akahamia cha pili, akajifunga mkanda. Onésime alitabasamu. Miezi ilikuwa imepita bila Madeleine kuyaona meno ya mumewe ya juu.

"Fint," alisema Jasmin, yaani vizuri. Kisha akatazama kati ya viti, akainama, akapitisha kidole kwenye tundu la sakafuni. "Na meza iko wapi?"

Onésime alitazama lile tundu kama anayetazama kaburi. Akageuka kwa mkewe. Mkewe akawa anamtazama yeye. Solomon alitoka nje, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

"Iko Jakobsberg," Onésime alisema kwa Kiswidi chake cha barabarani. "Tunayo. Ni nyeupe. Iko na mguu."

"Haiko hapa."

"Sheria inasema inaweza kung'oka."

"Inaweza kung'oka," Jasmin alikubali bila ukali. "Lakini lazima niione ikikaa. Nikiandika kile ninachokiona sasa, hiki ni kibasi chenye kitanda. Kitahesabiwa kama basi."

Solomon alirudi na wazo: achukue meza ya jikoni ya pale nyumbani, si ni karibu? Jasmin alitikisa kichwa. Meza yenyewe ya kwenye tundu hilo, yenye mguu wake. Aliangalia saa ukutani. "Tunafunga saa kumi. Ikifika kabla ya hapo, nitamalizia. Isipofika, nitaandika nilichokiona."

"Mupigie Christelle," Onésime alimwambia mkewe. "Amwambie kijana mmoja ailete."

"Nimwambie nini kwa simu? Kwamba ashushe mume wake, ju niko na haja ya meza?"

"Mama Heshima, tunalala wapi mwezi kesho?"

Hakupandisha sauti, na Madeleine angependa apandishe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alivaa koti, akakimbilia treni.

*

Treni haikuwa na haraka naye. Ilisimama Spånga, ikasimama Barkarby, milango ikafunguliwa kwa watu wasiokuwepo. Madeleine hakukaa. Alitengeneza maneno, akayavunja. Yaya, samahani. Yaya, ni saa moja tu. Yaya, unajua vile aliipenda ile basi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli aliona haya kulitumia. Kwenye jukwaa la Jakobsberg alipita mahali alipoanguka Mashauri. Mtu alikuwa ameacha mshumaa wa kaburini, umezimika kwa theluji.

Ndani kwa Christelle wanawake walikuwa wakiimba. Walisogea wakampa nafasi kwenye mkeka, na akakaa, kwa sababu huwezi kuingia kilioni ukasimama. Simu ikaanza kutetemeka kifuani mwake. Mbele yake meza ilikuwa chini ya kitambaa cheupe, mguu wake wa chuma umeegemezwa kwa matofali mawili, na juu Mashauri alikuwa akitazama watu na suti yake ya kanisani. Nta ilikuwa imetiririka na kuganda kwenye ukingo. Wimbo ukaisha. Wakaanza mwingine, akaimba nao. Simu ikatetemeka tena. Aliimba kwa nguvu zaidi ili isisikike, na akajichukia.

Christelle alikuwa akimtazama.

"Madeleine. Umekuja kulia ao umekuja kuchukua?"

Wimbo ukakatika.

"Nimekuja kuchukua, yaya."

"Kuchukua nini?"

"Meza. Wamekatala basi ju ya meza. Wanafunga saa kumi. Nitairudisha, yaya, nakuapia kwa Mungu, nitairudisha leo leo."

Mama mmoja mzee, shangazi yake marehemu, alipiga makofi ya mshangao. "Ee! Mtu hajaonja hata udongo, munamunyang'anya fasi ya kukaa? Ninyi batu ba Ulaya!"

"Muache, shangazi," alisema Christelle.

"Nisiache! Kwetu kitu kimeshikwa na kilio kinangojea kilio!"

"Kwetu wangemzika siku ya tatu." Sauti ya Christelle ilikuwa imekauka kwa kulia, kila neno lilitoka na vumbi lake. "Huku wamemweka ndani ya frigo, wananipa tarehe. Kila kitu ya huku iko na saa yake. Ile basi nayo iko na saa yake." Akamgeukia Madeleine. "Alisema mutatupeleka kuona jua."

"Alisema."

"Nilimwambia mimi sitalala ndani ya gari kama mukimbizi. Tuligombana juu ya hiyo. Siku ile ya mwisho, hiyo ndiyo tuligombana."

Christelle alijisogeza kwa magoti mpaka mbele ya meza. Alipuliza mshumaa. Alimpa shangazi glasi ya maji. Kisha akainua picha kwa mikono miwili, akarudi nayo kwenye mkeka, akaipakata.

"Tumutafutie kiti, tumuweke," mtu alinong'ona.

"Hapana. Chini hakai, na kwa kiti ya watu hakai. Nitamushika mimi." Akaegemeza fremu kwenye kifua chake. "Beba, Madeleine. Usiangalie nyuma."

Alibeba. Mguu wa chuma ulikuwa baridi begani mwake. Alipofika mlangoni alimsikia shangazi akiguna, na wimbo ukianza upya, bila sauti ya Christelle ndani yake.

*

Kwenye treni watu walimpisha. Kijana mmoja aliuliza kama meza inauzwa. Madeleine alisema hapana, akageuza uso dirishani, machozi yakimtiririka bila hata kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Jasmin alikuwa ameshavua glovu. Aliangalia saa, akazivaa tena. Onésime alizamisha mguu kwenye tundu, Solomon akakaza skrubu kwa bisibisi. Meza ikakaa. Jasmin aliitikisa, ikakataa kutikisika. Alikaa kwenye kiti, akaweka viwiko juu yake kama anayengoja chai, na kidole chake kikagusa ile nta ukingoni. Aliikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Mlikuwa na sherehe?"

"Nej," alisema Madeleine. Hapana. Neno lilitoka dogo, na msichana yule akaondoa kidole.

Dakika chache baadaye Onésime alikuwa na karatasi mkononi. Aliisoma kwa kuisogeza na kuirudisha, macho yake hayakuona vizuri, akampa Solomon amsomee. Gari-nyumba. Hesabu imegeuka. Alimkumbatia Solomon, akamkumbatia Jasmin ambaye hakutegemea, akamgeukia mkewe. Madeleine alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafungua skrubu.

"Unafanya nini? Tumetoka kupita sasa hivi!"

"Wamesema inaweza kung'oka."

Onésime alimtazama, kisha akanyoosha mkono kwa Solomon, na Solomon akampa ufunguo. Aliendesha mwenyewe mpaka Jakobsberg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka kukaa nyuma ya usukani wa kitu chenye ukubwa ule, na Madeleine alijua kwamba siku nyingine angeimba njia nzima. Hakuimba. Alipoegesha alifungua milango yote, akapanda ngazi mpaka kwa mzee Laurence, akamwambia ndani kuko joto, karibuni, lakini kitanda hawezi kukifungua tena. Laurence akasema sawa, watu watalala chini yake, na hakuna atakayekipanda. Kisha akachukua blanketi lake.

Ghorofani taa zilikuwa zimewashwa. Wanawake walikuwa wakila, sahani mapajani. Ya Christelle ilikuwa pembeni, haijaguswa. Alikuwa amekaa vile vile alivyomwacha, picha kifuani, viwiko vimekunjwa, na ukingo wa fremu ulikuwa umemchora mstari mwekundu chini ya shingo. Shangazi alisema hakumwachia mtu. Hata chai alinyweshwa.

Madeleine alisimamisha meza juu ya matofali yake, akatandika kitambaa, akakinyoosha. Hakuthubutu kugusa picha.

"Imepita?" Christelle aliuliza.

"Imepita, yaya."

"Bon. Nisaidie, basi. Mikono imekufa, na amekuwa mzito."